Jicho la Mgeni na Ulimi wa Shahidi



Kila mara taifa lifanyapo uchaguzi mkubwa, wageni huonekana njiani. Huvaa vizibao vyenye maandishi, hupita wawili wawili, husimama penye chumba cha kupigia kura, huuliza maneno machache, huandika katika daftari, kisha huondoka. Hawapigi kura wala hawahesabu kura. Huitwa watazamaji wa kimataifa wa uchaguzi. Vijijini watu hunong'onezana juu yao. Wengine husema: "Heri wamekuja, sasa hakuna atakayethubutu kuiba." Wengine hujibu: "Wamekuja kufanya nini katika nyumba isiyo yao?" Na wazee waliokwisha kuona mengi hutikisa kichwa wakisema: "Mtu wa siku moja ataona nini?"

Kila neno katika hayo matatu lina sehemu yake ya haki. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo asidhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa wa siasa peke yao. Ndani yake mna swali la roho, tena ni swali la kale: Mtu aliyesimamishwa kuwa shahidi wa jambo la wengine awiwa nini mbele ya Mungu? Aseme nini? Anyamaze lini? Na akiogopa, afanyeje?

I. Kazi ya mtazamaji

Kwanza yafaa kuifahamu kazi yenyewe. Desturi ya kutazama uchaguzi wa nchi nyingine si ya jana. Mwaka 1857 wajumbe wa serikali kubwa za Ulaya walitumwa kutazama uchaguzi wa Moldavia na Wallachia, nchi mbili ambazo baadaye ziliungana zikaitwa Romania. Uchaguzi wa kwanza wa Moldavia ulionekana kuwa umejaa hila. Ukafutwa, ukarudiwa mwaka ule ule. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulituma watu wake kutazama uchaguzi wa Rwanda na wa Burundi, kabla nchi hizo hazijapata uhuru. Na tarehe 27 Oktoba 2005, vyama vingi vyenye kazi hiyo vilikutana penye makao ya Umoja wa Mataifa, mjini New York, vikakubali kanuni moja kwa wote. Kanuni hiyo yamtaka mtazamaji atii sheria za nchi aliyoingia, asipendelee upande wowote, asizuie kazi ya wenyeji, na mwishoni atangaze waziwazi mambo aliyoyaona.

Angalieni vema: mtazamaji si hakimu, wala si askari. Hana uwezo wa kufuta kura hata moja. Akiona sanduku la kura limefunguliwa kabla ya saa yake, hawezi kulifunga kwa mkono wake; aandika tu. Hana silaha nyingine ila neno lake. Ndiyo maana neno lake likiharibika, hakibaki kitu mkononi mwake.

Wakristu wanao mfano ulio karibu. Padri anapotangaza ndoa kanisani, hutangaza mbele ya watu wote, ili anayejua kizuizi aseme. Na siku ya arusi husimama mashahidi wawili. Mashahidi hao hawafungi ndoa. Wanaofungana ni bwana arusi na bibi arusi. Hata hivyo bila mashahidi mambo yangekuwa gizani, na kesho mmoja angeweza kukana ahadi yake. Mtu ajuaye kwamba bwana arusi ana mke mwingine mjini, akanyamaza kwa kuwa ng'ombe wa karamu wamekwisha kuchinjwa, huyo amemtendea bibi arusi ubaya mkubwa, ijapokuwa hakusema uwongo wowote. Ndivyo ilivyo katika uchaguzi. Wanaochagua ni wananchi. Mtazamaji hamchagui mtu. Yeye hushuhudia tu kama ahadi ilifanyika kwa hiari, wazi, pasipo hila.

II. Je, mgeni ana haki ya kutazama nyumba ya mwingine?

Wako watu wema wanaoona haya juu ya jambo hili. Wasema: "Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mgeni hajui lugha yetu, hajui ugomvi wetu wa zamani, hajui nani ni ndugu ya nani. Tena mataifa yanayotuma watazamaji, je, yenyewe ni safi? Nchi ya Kongo ina shaba, ina kobalti, ina dhahabu. Wageni wengi walikuja wakisema wanaleta wema, wakaondoka na mizigo."

Haifai kudharau maneno hayo, kwa maana yametoka katika maumivu ya kweli. Serikali ya mbali yaweza kupendezwa na mtu fulani kwa faida yake, na mjumbe wake aweza kushawishiwa kufumba jicho moja. Mgeni ni mwanadamu, naye ana dhambi ya asili kama mwenyeji. Kwa hiyo Mkristu hapaswi kumwamini mgeni kwa sababu tu ni mgeni, wala kwa sababu ya gari lake na cheo chake.

Lakini kutokana na hayo haipasi kusema kwamba mlango ufungwe. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapati nafuu kwa kuwa mgeni ana akili kumpita. Hupata nafuu kwa kuwa mgeni hana fungu katika ugomvi wa urithi. Ndugu wawili wakigombania shamba la baba yao, humwita mzee wa kijiji kingine. Hawamwiti awagawie kama mtawala. Wamwita ili kila mmoja aone haya kusema uwongo mbele yake. Na hayo ya kuona haya si kitu kidogo. Mara nyingi aibu humzuia mtu asitende dhambi hata kabla toba haijaingia moyoni.

Tena mamlaka ya kutawala si mali ya mtu mmoja kama mbuzi wake. Kanisa lafundisha kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu, nayo imewekwa kwa ajili ya mafaa ya watu wote. Kwa hiyo namna ya kuitafuta haifai kuwa siri. Anayefungua shamba lake mchana haogopi kuonekana na mpita njia. Hofu humshika yule anayelima shamba la jirani usiku.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: mgeni aliyealikwa, anayetii sheria za nyumba, anayetazama pande zote kwa jicho moja na kusema waziwazi, huyo haingilii nyumba. Ametoa msaada wa ndugu kwa ndugu. Lakini msaada huo una sherti lake, nalo ni ukweli.

III. Shahidi hutenda dhambi kwa njia tatu

Amri ya nane ya Mungu yakataza ushuhuda wa uwongo. Wakatekumeni wengi hudhani kwamba amri hiyo huvunjwa kwa njia moja tu, yaani kusema jambo ambalo halikuwa. Kumbe shahidi huweza kukosa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusema uwongo kwa sababu amehongwa. Ya pili ni kusema zaidi ya yale aliyoyaona. Ya tatu ni kunyamaza juu ya yale aliyoyaona, hali ametumwa ayaseme.

Njia ya kwanza yajulikana na wote. Katika Agano la Kale, mashahidi wawili walisimama mbele ya watu wakamshitaki Naboti kwamba amemtukana Mungu na mfalme, na Naboti akapigwa mawe, ili mfalme Akabu alipate shamba lake la mizabibu. Mashahidi wale hawakushika jiwe la kwanza kwa ajili ya chuki, bali kwa ajili ya kumpendeza mkubwa.

Kitabu cha Danieli chatoa dawa ya uovu huo. Wazee wawili walimshitaki Suzana kwa uwongo, nao walikuwa waamuzi wenye heshima, hivyo watu wakawasadiki. Kijana Danieli hakubishana nao kwa kelele. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake: Ulimwona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mti mwingine. Uwongo ukaanguka wenyewe, na Suzana akaokoka.

Watazamaji wa siku hizi hutumia akili ile ile ya Danieli. Kura zikiisha kuhesabiwa chumbani, huandikwa hati ya matokeo, na hati hiyo hubandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Kisha karatasi husafirishwa mpaka mahali pa kukusanyia, na hesabu za vyumba vingi hujumlishwa. Kura yaweza kuibwa mchana mbele ya sanduku, lakini huibwa kwa wepesi zaidi usiku, njiani au penye meza ya kujumlisha. Kwa hiyo mtazamaji mwenye akili huandika hesabu ya mlangoni, kisha huilinganisha na hesabu iliyotangazwa mjini. Hati ya mlangoni ni shahidi wa kwanza, hesabu ya mjini ni shahidi wa pili. Wakitaja miti miwili, hapo pana neno.

IV. Haraka ya shahidi

Njia ya pili ya kukosa ni kusema zaidi ya yale uliyoyaona. Mfano wake ulitokea katika Afrika ya Mashariki, nchini Kenya. Tarehe 8 Agosti 2017 wananchi wa Kenya walipiga kura. Watazamaji wa heshima kubwa walikuwako: wa Umoja wa Afrika waliongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika ya Kusini, wa Kituo cha Carter walikuwa na John Kerry, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na Umoja wa Ulaya nao ulituma watu wake. Siku mbili baada ya kura, wakati hesabu ilikuwa haijakwisha, viongozi hao walitoa maneno yao ya kwanza. Walisifu jinsi watu walivyopiga kura kwa utulivu, wakawaomba walioshindwa wafuate njia ya sheria. Tarehe 11 Agosti ikatangazwa kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameshinda.

Raila Odinga, aliyetangazwa kuwa wa pili, akaenda mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017, waamuzi wanne kati ya sita wa Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi ule na kuamuru urudiwe katika siku 60. Waliona kwamba makosa makubwa yalikuwa katika namna ya kupeleka matokeo kutoka vyumbani mpaka makao makuu. Tume ya uchaguzi iliamriwa na mahakama ifungue mitambo yake ili ikaguliwe. Haikutii kama ilivyoamriwa.

Je, watazamaji walisema uwongo? Hapana. Waliyoyasifu waliyaona: mistari ya watu, masanduku, hesabu ya vyumbani. Wala hawakusema kwamba kazi imekwisha. Lakini walisema mapema, kwa sauti kubwa, na neno la mkubwa husikiwa kwa urefu kuliko alivyolinena. Aliyesema "mchana ulikuwa mwema" alisikiwa kama aliyesema "usiku nao ulikuwa mwema." Na wale waliolia walionekana kuwa wagomvi tu, mpaka mahakama iliposema.

Fundisho ni hili: mwenye sifa kubwa hupaswa kuupima ulimi wake kuliko wengine. Haitoshi neno lake liwe kweli kinywani. Yampasa atazame pia litakavyoingia sikioni. Katekista akisema "mtoto huyu ni mwema", kijiji kizima humsadiki. Kwa hiyo asiseme mpaka amjue, na akijua nusu, aseme kwamba ajua nusu.

V. Kunyamaza kwa shahidi

Njia ya tatu ni ngumu kuliko zote, na Kongo yenyewe imeionja.

Tarehe 30 Desemba 2018 wananchi wa Kongo walipiga kura. Umoja wa Ulaya haukualikwa kutazama. Umoja wa Afrika na jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iitwayo SADC, walituma watazamaji. Lakini walio wengi kupita wote walikuwa wa Baraza la Maaskofu Wakatoliki, liitwalo CENCO, lililotawanya watazamaji yapata 40,000 nchini kote. Hao hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa nchi: walimu, katekista, akina mama, vijana wa parokia.

Tarehe 3 Januari 2019 maaskofu walisema kwamba hati zilizokusanywa na watazamaji wao zaonyesha wazi kwamba mgombea mmoja amechaguliwa. Jina lake hawakulitaja, kwa sababu sheria ya Kongo yaipa Tume ya Uchaguzi peke yake haki ya kutangaza matokeo. Usiku wa tarehe 10 Januari Tume ikatangaza jina la Félix Tshisekedi. Siku ile ile maaskofu wakasema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyapata watazamaji wao. Martin Fayulu, aliyetangazwa kuwa wa pili, akapeleka shitaka lake mahakamani. Tarehe 17 Januari viongozi wa Afrika waliokutana Addis Ababa walisema kwamba wana mashaka makubwa, wakaomba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza. Tarehe 20 Januari Mahakama ya Katiba ikathibitisha tangazo la Tume. Tarehe 24 rais mpya akaapishwa, na serikali nyingi za nje, za Afrika na za mbali, zikamkubali. Ujumbe wa Afrika uliokusudiwa kwenda Kinshasa haukwenda.

Wako watu waliosema hivi: "Ni afadhali. Tangu uhuru wa mwaka 1960, ni mara ya kwanza rais mmoja kumwachia kiti mwingine bila vita. Kongo imekwisha kumwaga damu nyingi mno. Kwa nini kulilia hesabu, hali watoto wanalala salama?" Wengine wakajibu: "Amani iliyojengwa juu ya neno lililofichwa ni nyumba iliyojengwa juu ya kichuguu. Yasimama leo, mchwa wanakula chini."

Hapa Mkristu hana budi kufikiri kwa unyofu. Amani ni zawadi ya Mungu, na anayejua kijiji kilichochomwa moto hawezi kumcheka mtu aipendaye. Lakini kwa ajili ya amani mtu aweza kufanya mambo mangapi? Aweza kusamehe. Aweza kuacha haki yake mwenyewe. Aweza kuchagua saa ya kusema na namna ya kusema, bila matusi wala fujo. Jambo moja hawezi: hawezi kulitaja giza kuwa nuru. Aliyedhulumiwa aweza kusamehe deni lake mwenyewe, lakini shahidi hana deni la kusamehe. Kura si zake. Akificha kura za watu ili pawe kimya, ametoa sadaka kwa mali ya jirani.

Hivyo yaonekana kwamba kuna kunyamaza kwa namna mbili. Maaskofu hawakutaja jina tarehe 3 Januari. Kunyamaza huko kulikuwa kutii sheria, wala hakukumdanganya mtu, kwa sababu walisema waziwazi kwamba wanajua na kwamba Tume yapaswa kutangaza kweli. Na tangazo lilipokuja, hawakusema kwamba lalingana. Walinena neno lao, kisha wakawaomba watu wasitumie nguvu. Namna ya pili ya kunyamaza ni ya Pontio Pilato. Yeye alijua. Alisema hata mbele ya watu kwamba haoni kosa kwa Bwana Yezu. Lakini aliogopa fujo mjini, aliogopa na Kaisari, akanawa mikono akamtoa. Alitaka utulivu katika mji wa Yerusalemu, akaupata kwa siku ile. Jina lake latajwa katika kila Sadikisho mpaka leo.

Haifai kuhukumu moyo wa kila mjumbe aliyenyamaza Januari ile. Mungu peke yake ajua nani alinyamaza kwa busara na nani kwa faida. Lakini kanuni yabaki: anayekwenda kwa jina la shahidi amejifunga kusema. Ikiwa hofu itamzidi, asikubali kutumwa.

VI. Mgeni huondoka, mwenyeji hubaki

Sasa yapasa kurudi kijijini, kwa maana kosa moja laweza kutokea. Watu waweza kusema: "Haya, basi tumewaachia wageni na maaskofu kazi ya ukweli, sisi tutangoje." Sivyo. Mgeni huona chumba kimoja kati ya maelfu. Huona sanduku, haoni usiku uliotangulia, wakati mgombea alipopita nyumba kwa nyumba akigawa chumvi, sabuni, vitenge na pombe. Haoni chifu anayesema, "Nitajua nani hakumchagua fulani." Haoni moyo wa mama aliyeuza kadi yake kwa sababu mtoto wake alikuwa na njaa. Mambo hayo huonwa na jirani.

Mwishoni mwa mwaka 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, uliahirishwa mpaka Machi 2019. Serikali ilitaja ugonjwa wa Ebola na vita. Siku ya tarehe 30 Desemba hakuna mtazamaji wa kimataifa aliyetumwa Beni kutazama kura, kwa kuwa kura haikuwako. Hata hivyo watu wa Beni walitoka, wakapanga mistari, wakapiga kura zao wenyewe, wakijua kwamba hazitahesabiwa. Walitaka kuonyesha tu kwamba wao nao ni wananchi.

Katika nchi ya Malawi, uchaguzi wa Mei 2019 ulifutwa na mahakama tarehe 3 Februari 2020, baada ya kuonekana, pamoja na makosa mengine, kwamba hesabu katika hati zilipakwa wino mweupe wa kufutia. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni 2020, wakati ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga njia za dunia, na watazamaji wa mbali karibu wote hawakufika. Wenyeji walijilinda wenyewe, na yule aliyetangazwa kuwa wa pili mara ya kwanza, Lazarus Chakwera, akashinda.

Na Kongo tena: baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Tume ya Uchaguzi yenyewe ilifuta, mwezi wa Januari 2024, kura za wagombea 82 wa viti vya mabaraza. Kati ya makosa yaliyotajwa mlikuwamo kukutwa na mashine za kupigia kura isivyo halali. Basi na kila mkatekumeni afikiri: mashine haina miguu. Ikikutwa mahali isipostahili, kuna aliyeibeba. Kuna aliyefungua mlango. Kuna dereva aliyelipwa, na kuna jirani aliyeona taa usiku akavuta blanketi. Wote hao walikuwa wenyeji. Wengi wao, bila shaka, walibatizwa.

Hiyo ndiyo sababu uchaguzi wa taifa ni jambo la katikisimu. Mtu hawi mwongo siku ya uchaguzi mkubwa kama hakuzoea uwongo mdogo. Anayempimia mnunuzi mchele kwa kopo lililobonyezwa chini amekwisha kujifunza kuhesabu kura kwa hila. Anayekubali kuwa shahidi wa mjomba wake katika baraza, hali ajua mjomba amekosa, amekwisha kujifunza kazi ya mashahidi wa Naboti. Na kinyume chake ni kweli. Anayezoea kusema "hapa niliona, hapa sikuona" katika mambo ya kuku na ya mihogo, huyo taifa laweza kumkabidhi hati ya matokeo.

Basi mgeni akija, apokewe kwa heshima; apewe maji; ajibiwe maswali yake kwa kweli, si kwa maneno ya kumpendeza wala ya kumtia huruma. Akikosea, aambiwe kwa adabu. Akiondoka, kijiji kisidhani kwamba macho yameondoka. Mwenyezi Mungu aliyakuwako chumbani kabla sanduku halijaletwa, naye hatapanda ndege kwenda kwao.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Mtazamaji wa uchaguzi ana uwezo gani?
Jibu: Hana uwezo wa kuamuru wala wa kuhukumu. Ana neno la shahidi tu. Kwa hiyo neno hilo sherti liwe kweli.

Swali: Shahidi aweza kukosa kwa njia ngapi?
Jibu: Kwa njia tatu: kusema uwongo, kusema zaidi ya aliyoyaona, na kunyamaza juu ya aliyoyaona hali ametumwa ayaseme.

Swali: Je, ni halali kuficha ukweli ili pawe na amani?
Jibu: Ni halali kuchagua saa na namna ya kusema, na kuitii sheria iliyo haki. Si halali kamwe kulithibitisha jambo ujualo kuwa si kweli, wala kutoa haki ya jirani kama kwamba ni yako.

Swali: Nani ni mtazamaji wa kwanza wa uchaguzi?
Jibu: Ni dhamiri ya kila mwananchi mbele ya Mungu, na jirani asiyevuta blanketi.